Taa zilizozimwa kwenye dashibodi hula mtaji wa mnunuzi wa gari

MNUNUZI wa gari lililotumika akishakagua rangi, matairi na viti, hutupa jicho kwenye dashibodi. Asipoona taa yoyote inayowaka, huridhika na kuanza kuzungumza bei. Hapo ndipo wengi wanapopoteza fedha.

Taa ya tahadhari huzimika kwa njia mbili: kwa kutengeneza kilichoharibika, au kwa kuizima taa yenyewe. Njia ya kwanza huweza kugharimu mamilioni ya shilingi. Ya pili huhitaji kipande cha tepu na nusu saa ya fundi umeme. Tofauti kati ya gharama hizo mbili huingia mfukoni mwa muuzaji, na mnunuzi ndiye anayekuja kuilipa baadaye.

Kwa mwekezaji mdogo aliyeweka akiba yake kwenye teksi, gari la kukodisha au la kubebea bidhaa, hitilafu iliyofichwa humgusa mara mbili. Kwanza hulipia vipuri, kisha hukosa mapato siku zote ambazo gari liko gereji.

TAA HIZI ZINASEMA NINI

Alama za dashibodi zinafanana karibu duniani kote kwa kuwa zimewekwa katika kiwango cha kimataifa cha ISO 2575. Kwa kawaida nyekundu humtaka dereva asimame, na ya njano humwambia kuwa gari linaweza kuendelea lakini lipelekwe kwa fundi mapema.

Zinazobeba fedha nyingi ni chache: taa ya injini, ya breki, ya ABS, ya mifuko ya hewa, ya oili na ya chaji ya betri. Taa ya injini huendeshwa na kompyuta ya gari, ambayo hupokea taarifa kutoka kwenye sensa mbalimbali. Huweza kuwaka kwa sababu ya sensa moja ya bei ndogo, au kwa sababu masega ya ekzosi yamechoka au yameng'olewa na kuuzwa. Taa ya mifuko ya hewa nayo ikibaki inawaka, maana yake ni kwamba kompyuta ya mifuko hiyo imeona kasoro, na abiria hawawezi kuitegemea wakati wa ajali.

Gari lililowahi kupata ajali na mifuko yake ikafumuka ndilo lenye kishawishi kikubwa. Kurudisha mifuko, mikanda na kompyuta yake ni gharama kubwa. Kushona upya kifuniko cha usukani na kuizima taa ni kazi ya siku moja.

JAPANI NA UINGEREZA ZILIVYOBANA

Magari mengi yaliyotumika yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa hutoka Japani, na mengine kiasi hutoka Uingereza, kwa kuwa nchi zote hizo hutumia usukani wa kulia. Namna nchi hizo zinavyoshughulikia taa za dashibodi ni funzo kwa mnunuzi wa huku.

Nchini Japani gari dogo la binafsi hufanyiwa ukaguzi wa lazima, uitwao shaken, miaka mitatu baada ya kusajiliwa likiwa jipya, na baada ya hapo kila miaka miwili. Tangu Februari 2017, gari lililofikishwa kwa wakaguzi huku taa ya injini, ya breki, ya ABS au ya mifuko ya hewa ikiwaka au kumweka, halikaguliwi. Mwenyewe hurudishwa akalitengeneze kwanza.

Agizo hilo lilikuwa na udhaifu unaoonekana wazi: aliyeizima taa aliweza kupita. Oktoba 2024 Japani ilianza hatua nyingine. Kwa magari yaliyoundwa nchini humo ya matoleo mapya ya kuanzia Oktoba 2021, mkaguzi huunganisha mashine na kompyuta ya gari na kusoma hitilafu zilizohifadhiwa humo. Magari yaliyoingizwa Japani kutoka nje yalifuata Oktoba 2025. Kwa utaratibu huo, kuifunika taa kwa tepu hakusaidii kitu, maana anayeulizwa ni kompyuta.

Nchini Uingereza ukaguzi wa kila mwaka hujulikana kama MOT, na gari dogo huanza kukaguliwa likitimiza miaka mitatu. Kanuni zilizoanza tarehe 20 Mei 2018 ziligawa kasoro katika makundi matatu: ya hatari, kubwa na ndogo. Kasoro ya hatari au kubwa huliangusha gari. Taa ya injini ikionyesha hitilafu ni kasoro kubwa kwa magari ya petroli yaliyoanza kutumika tangu Julai 2003 na ya dizeli tangu Julai 2008.

Kinachostahili kuangaliwa zaidi ni kwamba kanuni hiyo haiishii kwenye taa inayowaka. Taa ya injini isiyofanya kazi kabisa nayo huliangusha gari, na ndivyo ilivyo kwa taa ya ABS yenye kasoro. Taa inatakiwa iwake inapopaswa kuwaka, kisha izimike inapopaswa kuzimika. Kipimo hicho cha pili ndicho wanunuzi wengi husahau.

MWANYA WA GARI LA KUUZWA NJE

Mwagizaji anaweza kudhani kuwa ukali wa Japani unamlinda hata yeye. Haumlindi. Gari linalouzwa nje hufutiwa usajili kwa ajili ya kusafirishwa, na halilazimiki kuwa na shaken iliyo hai. Wenye magari wengi huyauza wakati huohuo ambapo ukaguzi unakaribia na matengenezo yanaonekana ghali kuliko thamani ya gari. Lililoshindwa kupita kule linaweza kuwa meli moja na lililopita.

Ulinzi wa kwanza wa mwagizaji ni karatasi ya mnada. Humo mkaguzi wa mnada huandika daraja la gari, sehemu zilizogongwa na mara nyingi taa za tahadhari alizoziona zikiwaka siku hiyo. Herufi R mahali pa daraja huonyesha gari lililotengenezwa baada ya ajali. Ikiwa karatasi inataja taa ya ABS na gari lililofika bandarini halina taa hiyo inayowaka, muuzaji aombwe risiti ya matengenezo.

Kwa gari la Uingereza, kazi ni rahisi zaidi. Serikali ya nchi hiyo hutoa bure kwenye intaneti historia ya MOT ya gari kwa kutumia namba yake ya usajili, kuanzia mwaka 2005. Mnunuzi huona gari liliwahi kuanguka kwa sababu gani, na kilomita au maili zilizosomwa kila mwaka.

Huku kwetu kanuni zimebadilika mara kadhaa. Kenya hukataa magari yaliyozidi miaka minane. Tanzania, Shirika la Viwango (TBS) lilitumia kwa miaka mingi kampuni za ukaguzi katika nchi yanakotoka magari, na mwaka 2021 likahamishia ukaguzi huo nchini. Kwa kuwa taratibu hizi hubadilika, mwagizaji aulize utaratibu unaotumika kabla hajatuma fedha. Cheti cha ukaguzi, hata kikiwa halali, husema hali ya gari siku lilipokaguliwa. Hakisemi lililofanywa na fundi wa yadi wiki iliyofuata.

JINSI YA KUKAGUA KABLA YA KULIPA

Kazi ya kwanza haihitaji mashine. Gari likiwa limezimwa, mnunuzi afungue swichi bila kuwasha injini na kuitazama dashibodi. Taa za injini, oili, chaji, ABS na mifuko ya hewa zinapaswa kuwaka zote, endapo gari lina mifumo hiyo. Ya ABS na ya mifuko ya hewa huzimika zenyewe baada ya sekunde chache; kwa Toyota nyingi, ya mifuko ya hewa huchukua kama sekunde sita. Za oili na chaji hubaki mpaka injini iwake, na kwenye magari mengi ya injini nayo hubaki.

Ambayo haikuwaka kabisa imeondolewa balbu, imefunikwa au imekatwa waya. Wapo mafundi wanaokwenda mbali zaidi kwa kuiunganisha taa mbovu na waya wa taa nzima. Dalili yake ni kwamba taa ya mifuko ya hewa huzimika sawia na ile ya oili, injini inapowaka, badala ya kuzimika yenyewe kwa wakati wake. Mnunuzi akiacha swichi wazi kwa nusu dakika bila kuwasha injini, ujanja huo hujitokeza.

Kazi ya pili ni kulipima gari kwa kompyuta, kwa fundi aliyechaguliwa na mnunuzi. Mashine ikisoma hitilafu ambayo taa haionyeshi, jibu limepatikana. Mashine isiposoma hitilafu yoyote, bado kuna swali moja: je, kumbukumbu imefutwa jana?

Kufuta ni rahisi. Hufanywa kwa mashine hiyohiyo, na kwenye magari mengi hata kwa kuchomoa waya wa betri. Lakini kompyuta ikishafutwa hulazimika kurudia majaribio yake ya ndani, na mengine hayakamiliki mpaka gari liendeshwe kwa siku kadhaa. Mashine huonyesha ni majaribio yapi hayajakamilika. Nchini Marekani, ambako magari madogo yote mapya tangu mwaka 1996 yana mfumo huo, mwongozo wa idara ya mazingira, EPA, huruhusu gari la mwaka 1996 hadi 2000 liwe na majaribio mawili yasiyokamilika, na la 2001 na kuendelea jaribio moja tu. Likizidisha, hurudishwa likaendeshwe kwanza.

Muuzaji naye atendewe haki. Gari lililotoka melini huenda betri yake ilikufa njiani, na kumbukumbu ikafutika bila hila. Tena magari ya zamani ya soko la ndani la Japani si yote yanayotoa taarifa hizi kwa mashine ya kawaida. Suluhisho ni kukubaliana gari liendeshwe na kupimwa tena kabla fedha yote haijalipwa. Anayekataa sharti hilo amekwisha kutoa jibu.

HESABU YA BEI

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Gari la kwanza, taa zake zote zikiwa sawa, linauzwa Sh. 20,000,000. La pili, la aina na mwaka uleule, linauzwa Sh. 18,500,000 na dashibodi yake ni kimya. Mnunuzi huona ameokoa Sh. 1,500,000.

Baada ya wiki mbili gari la pili linapimwa na kukutwa na hitilafu ya ABS na ya mifuko ya hewa. Vipuri na ufundi ni Sh. 2,600,000. Gari linakaa gereji siku nane, na kila siku lingeingiza Sh. 50,000, hivyo Sh. 400,000 zinapotea. Jumla ni Sh. 3,000,000. Gari lililoonekana rahisi limefikia Sh. 21,500,000, yaani Sh. 1,500,000 zaidi ya lile lililokuwa sawa.

Mnunuzi aliyezigundua hitilafu hizo kabla ya kulipa angekuwa na msimamo mwingine. Angetoa Sh. 3,000,000 kwenye Sh. 20,000,000, na bei yake ya juu ingekuwa Sh. 17,000,000, bila kuhesabu mashaka ya kasoro nyingine. Gari lenye taa inayowaka waziwazi si lazima likataliwe. Likipigiwa hesabu hiyo, linaweza kuwa biashara nzuri kuliko lenye dashibodi iliyonyamazishwa.

SHERIA NA MAANDISHI

Sheria za uuzaji wa bidhaa za Kenya na Tanzania Bara zilichotwa kutoka sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Chini ya msingi huo, anayenunua bidhaa kwa maelezo kutoka kwa mtu anayefanya biashara ya bidhaa hizo huchukuliwa kuwa ameahidiwa bidhaa yenye ubora wa kuuzika. Kuna tahadhari moja: mnunuzi aliyekagua mwenyewe hana kinga hiyo kwa kasoro ambayo ukaguzi wake ulipaswa kuifichua. Anayelitazama gari juu juu, akaridhika, huenda amejidhoofishia madai yake.

Hivyo maneno ya mdomo ya dalali hayatoshi. Mkataba wa mauziano utaje kuwa taa zote za tahadhari zinafanya kazi, kwamba hakuna iliyokatwa au kufunikwa, na kwamba mifuko ya hewa ipo. Uambatishwe na karatasi ya mashine yenye tarehe na kilomita. Sehemu ya malipo, kwa makubaliano, ibaki mpaka kipimo cha pili kikamilike.

Wauzaji wenye yadi nao wana la kupata. Anayempa mteja karatasi ya kipimo bila kuombwa anaweza kutetea bei yake mbele ya jirani anayeuza kwa chini. Mteja akishajua kufungua swichi na kuhesabu taa, jirani huyo ndiye atakayelazimika kueleza kwa nini gari lake ni rahisi.