Je, Wajua? Hesabu Inayoihamishia Bukoba Uganda

Kwenye kompyuta, latitudo za kusini mwa ikweta huandikwa kwa alama ya kutoa: Bukoba iko karibu -1.33, Muleba karibu -1.84. Ramani za miinuko zilizopimwa na chombo cha anga cha NASA mwaka 2000 zimekatwa vipande vya digrii moja moja, kila kimoja kikiitwa kwa kona yake ya kusini-magharibi. Miji yote miwili imo katika S02E031 (kona yake iko digrii 2 kusini, 31 mashariki). Lakini programu iliyoandikwa kwa lugha ya C ikikata desimali tu, -1.84 hubaki -1, na kinachofunguka ni S01E031, kipande chenye Masaka! Mpaka wa Uganda na Tanzania, magharibi mwa Ziwa Victoria, kwa sehemu kubwa umefuata digrii 1 kusini.

Kugawanya namba kamili hasi nako kulikuwa na utata kama huo: kanuni za C za mwaka 1989 ziliiachia kila kompaila (programu inayotafsiri msimbo) iamue kama -7 kugawanya kwa 2 ni -3 au -4, mradi kitabu chake cha maelezo kiseme. Za 1999 zikaamuru -3. Kusogeza biti kulia, ambako wengi hukuchukulia kuwa kugawanya kwa 2 tu, bado ni hiari ya kompaila kwa namba hasi; kwa -7, nyingi hutoa -4.