Vitafunio Vifaavyo

Watu wengi hukihesabu chakula cha asubuhi, cha mchana na cha jioni, lakini hawakihesabu kile kiliwacho katikati. Andazi moja njiani, kipande cha muhogo wa kukaanga mlangoni pa shule, kashata mbili wakati wa mapumziko, soda saa ya jua kali: vitu hivi ni vitafunio, nao watu hudhani ya kuwa si chakula, kwa sababu ni vidogo na huliwa upesi. Walakini mwili huvihesabu vyote. Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba; na mtu atafunaye kidogo kidogo mchana kutwa aweza kukijaza kibaba pasipo kujua.

Si vibaya kula kitafunio. Mtoto ana tumbo dogo, na mwili wake unakua. Mara nyingi chakula cha asubuhi hakimfikishi mchana. Neno lililo kubwa ni kuchagua. Vitafunio viwili vyaweza kulingana kwa ukubwa na kwa bei, na kimoja kikaujenga mwili, na cha pili kikautwika mzigo tu. Basi yafaa kujua tofauti hiyo hutoka wapi.

Nguvu ya chakula hupimwa kwa kipimo kiitwacho kalori. Kalori moja ya chakula ni kadiri ya joto litoshalo kuongeza joto la kilo moja ya maji kwa digrii moja. Chakula hakitoi miali ya moto ndani ya mwili, lakini hutumika polepole, kama kuni zitumikavyo mekoni, kikatoa joto na nguvu za kazi. Mmoja wa watu waliofanya kazi kubwa ya kupima mambo haya alikuwa Mmarekani, jina lake Wilbur Atwater, aliyezaliwa mwaka wa 1844. Katika miaka ya 1890 yeye na mwenzake Edward Rosa walitengeneza chumba kidogo katika mji wa Middletown, jimbo la Connecticut. Chumba kile kilizibwa sana, hata joto lisipate kupotea bila kupimwa. Mtu aliingia akakaa humo siku kadhaa, akila, akilala na kufanya kazi. Na chakula chake, pumzi yake na joto la mwili wake vyote vilipimwa. Kwa kazi za namna hiyo ilijulikana ya kuwa gramu moja ya wanga au ya sukari hutoa kalori 4 hivi, na gramu moja ya protini vivyo hivyo. Lakini gramu moja ya mafuta hutoa kalori 9. Maji hayatoi hata moja.

Hesabu hiyo ndiyo msingi wa habari yote. Chakula chenye maji mengi huwa na kalori chache, na chakula chenye mafuta mengi huwa na kalori nyingi, hata vikiwa na uzito mmoja. Katika gramu 100 za tango mna kalori 15 hivi. Katika tikiti maji, 30. Katika papai, 43. Katika chungwa, 47. Katika embe, 60. Na katika ndizi mbivu, kama 90. Lakini katika gramu 100 za sukari mna kalori zikaribiazo 400, na katika mafuta ya kupikia zaidi ya 880. Mnazi mmoja hutupa mfano mzuri wa jambo hili. Maji ya dafu yana kalori 19 hivi katika gramu 100, kwa kuwa karibu yote ni maji. Nyama ya nazi iliyokomaa ina 350 hivi, kwa kuwa mafuta yamejaa ndani yake. Mti ni ule ule, tunda ni lile lile, na tofauti ni kubwa namna hiyo.

Upishi nao hugeuza mambo. Mtu akitia vipande vya kiazi ulaya katika mafuta ya moto, huona mapovu mengi yakipanda. Mapovu yale ni maji ya kiazi yanayogeuka mvuke na kutoka. Maji yakitoka, mafuta huingia na kukaa mahali pake. Kwa hiyo gramu 100 za kiazi kilichochemshwa zina kalori 87 hivi. Zikiwa chipsi zilizokaangwa, hufika kama 300. Na vile vipande vyembamba vikavu viuzwavyo katika mifuko hupita 500. Kiazi hakikutenda kosa lo lote. Kilichozidi ni mafuta. Ndivyo ilivyo kwa muhogo, na ndivyo ilivyo kwa unga wa ngano ukifanywa andazi na kutoswa katika karai. Muhogo wa kuchemsha au wa kuchoma ni chakula kizuri, na hauna mzigo ule wa mafuta.

Tena kuna habari ya kushiba. Tumbo hutambua kiasi cha chakula kilichomo kwa kadiri linavyotanuka, si kwa kalori peke yake. Tunda lina maji, na lina nyuzinyuzi, nazo hukaa tumboni na kuchelewesha njaa. Tena tunda hutafunwa, na kutafuna huchukua muda, hata mwili upate nafasi ya kusema ya kuwa umetosheka. Soda haitafunwi. Chupa moja ya mililita 300 mara nyingi huwa na sukari ya gramu 30 au zaidi, maana yake vijiko vidogo saba au vinane. Hakuna mtu atiaye vijiko vinane vya sukari katika kikombe kimoja cha chai na kukinywa bila kushangaa. Katika soda hushuka kooni kwa dakika mbili. Kalori zake ni sawa na za machungwa mawili hivi. Lakini aliyekula machungwa mawili amepata nyuzinyuzi na vitamini, na tumbo lake limetulia. Aliyekunywa soda huona njaa upesi, kana kwamba hakula kitu.

Sukari ina deni jingine, nalo hulipwa na meno. Kinywani mna vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho. Mtu akila sukari, navyo hula, kisha hutoa asidi iyeyushayo ngozi ngumu ya jino. Mate huifanya kazi ya kulitengeneza jino tena, ila huhitaji muda. Kwa hiyo mtoto anyonyaye peremende mchana kutwa huyatesa meno yake kuliko yule alaye kitu kitamu mara moja, pamoja na chakula, akasukutua kwa maji. Ubuyu mweupe kama utokavyo katika tunda la mbuyu ni kitafunio chema. Lakini ubuyu uliopikwa kwa sukari nyingi na kutiwa rangi nyekundu hunata katika meno, nao si mwenzake tena.

Pengine mtu atauliza, Je, tunda lenye kalori chache lina faida gani, ikiwa nguvu zake ni chache? Jibu lilionekana zamani baharini. Mwaka wa 1747, katika merikebu ya vita ya Waingereza iitwayo Salisbury, tabibu James Lind alikuwa na mabaharia wagonjwa wa kiseyeye. Ufizi wao ulioza, na magoti yao yalikosa nguvu, ingawa walikula mikate na nyama ya chumvi. Akatwaa wagonjwa 12, akawapa wote chakula cha namna moja, kisha akawagawanya wawili wawili, na kila wawili akawapa kitu chao mbali. Wawili walipewa siki, wawili maji ya bahari, na wengine vitu vingine. Na wawili walipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yakaisha baada ya siku chache, lakini wale wawili walikuwa wamepona kuliko wenzao wote. Sababu yake haikujulikana wakati ule. Katika miaka ya 1930 ndipo wataalamu walipoitambua vitamini C, ambayo haina kalori za kuhesabu, lakini mwili ukiikosa huharibika. Basi wingi wa kalori si kipimo cha wema wa chakula, wala uchache wake peke yake si kipimo. Mapera, yaliyo mengi katika vijiji vyetu, yana vitamini C kupita hata machungwa ya Muheza.

Kwa ajili hiyo haifai kuzikataa karanga kwa kuwa gramu 100 zake zina kalori zaidi ya 560. Karanga zina protini na mafuta mema. Konzi moja humtosha mtoto, na si kopo zima. Zile zilizoota ukungu au zilizo chungu zitupwe, kwa maana ukungu waweza kutoa sumukuvu, sumu iharibuyo ini. Bisi nazo zafaa, zikipikwa bila sukari na mafuta mengi. Ni nyepesi sana, hata kikombe kimoja kilichojaa huwa na kalori 30 hivi tu.

Hata hivyo ni lazima kujihadhari na kosa la upande wa pili. Mtoto wa miaka 12 huhitaji kalori 2,000 au zaidi kila siku, kadiri ya kimo chake na kazi zake. Yeye atembeaye mwendo mrefu kwenda shule, au aliyekonda, au aliyetoka nyumbani bila kula, hatatoshwa na tango. Huyo na ale kiazi kitamu cha kuchemsha, hindi la kuchoma, ndizi, yai au karanga. Katika nchi za Afrika ya Mashariki wako watoto wanaodumaa kwa kukosa chakula, na katika miji ile ile wako watu wanenepao kupita kiasi na kupatwa na ugonjwa wa kisukari. Kujinyima chakula ili kupata mwili mwembamba si busara kwa mtoto anayekua, wala kumcheka mwenzake kwa unene au wembamba wake si adabu.

Mwisho, kitafunio kizuri chaweza kuharibiwa na uchafu. Tunda lioshwe kwa maji safi, na mikono ioshwe kwa sabuni. Vipande vya papai au tikiti vilivyokatwa mapema na kuachwa wazi, nzi wakitua juu yake, vyaweza kuleta kuhara, homa ya matumbo na hata kipindupindu. Ni heri chungwa zima, limenywalo palepale kwa kisu safi.

Wasomao Maandiko wanajua habari za Danieli na wenzake watatu, waliowekewa chakula cha mfalme wakaomba kupewa mboga na maji kwa siku kumi. Na siku zile zilipokwisha, nyuso zao zilionekana nzuri kuliko za vijana wote waliokula chakula cha mfalme. Wale walikuwa vijana tu, nao walijichagulia. Mtoto mwenye sarafu moja mkononi, akisimama kati ya karai la mafuta na kikapu cha matunda, naye anachagua. Na mwili aliopewa na Mungu ndio utakaochukua faida au hasara yake.

MASWALI

1. Kwa nini gramu moja ya mafuta hutoa nguvu kuliko gramu moja ya sukari? Taja hesabu zake.
2. Mapovu yaonekanayo kiazi kikikaangwa ni kitu gani, na ni nini kiingiacho mahali pake?
3. Soda moja na machungwa mawili hulingana kwa kalori. Eleza tofauti zake.
4. Wagonjwa wa James Lind waliponywa na nini?
5. Andika vitafunio vitano viuzwavyo karibu na shule yenu. Kwa kila kimoja, eleza kama chafaa, na kwa sababu gani.