Kabla ya Kununua Turbo, Lipia Bomba la Chini

Desemba ikifika, barabara ya Himo kwenda Marangu hujaa magari yenye vumbi la Dar es Salaam. Watu wamekuja kula sikukuu nyumbani. Gari limekimbia zaidi ya kilomita 500 za lami bila neno, halafu likianza kupanda kuelekea Marangu Mtoni linatoa moshi wa bluu mpaka aliye nyuma anapandisha vioo. Kesho yake mwenye gari yuko gereji, na fundi hata boneti hajamaliza kuifungua: "Mangi, turbo imekufa. Tutafute nyingine."

Huenda imekufa kweli. Lakini hiyo ndiyo hukumu ya bei mbaya kuliko zote, na kwa gari la dizeli linalokula oili kupitia turbo haifai kuanza nayo. Pa kuanzia ni bomba linalorudisha oili kutoka kwenye turbo kwenda kwenye sampu, kitu ambacho wenye magari wengi hawajawahi kukiona kwa macho.

Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, ikielea juu ya oili inayosukumwa na pampu kupitia kibomba chembamba cha juu. Ikishapita hapo, oili haina tena wa kuisukuma. Inashuka kwa uzito wake, imejaa povu, kupitia bomba la chini, ambalo ni nene kwa sababu hiyohiyo. Wengi hudhani ndani ya turbo kuna sili za mpira kama zile za magurudumu. Kilichomo ni viringi vidogo vya chuma, na vinafanya kazi pale tu oili inaposhuka bila kizuizi. Ikikwama, inajaa na kupita pembeni ya viringi hata vikiwa vipya: upande mmoja inaingia kwenye ekzosi, upande wa pili kwenye njia ya hewa. Kwa hiyo turbo mpya ukiifunga juu ya bomba lililoziba, nayo itavuja.

Mlima wetu una tabia ya kuanika kosa ambalo tambarare ilikuwa inalificha. Moshi mjini ni kama mita 800 juu ya usawa wa bahari. Geti la Marangu liko juu ya mita 1,800. Gari likiinua pua, oili kwenye sampu hukimbilia nyuma. Kama bomba limeingizwa chini mno upande huo, au mtu amezidisha oili kupita alama ya dipstiki, mdomo wa bomba unazama na oili ya turbo haina pa kwenda. Hili ni gonjwa la magari yaliyofungwa turbo baadaye, hasa Land Cruiser zenye injini ya 1HZ, ambayo kiwandani ilitoka bila turbo. Fundi anatoboa sampu, anachomelea kipande cha bomba, na wakati huo gari limesimama kwenye sakafu iliyonyooka. Kushuka nako kuna kisa chake. Kutoka getini hadi Mtoni gari linashikiliwa na gia, turbo haijazi hewa, hakuna mgandamizo wa kuizuia oili isipenye. Ukikanyaga mafuta kule chini, wingu la kwanza linatoka. Madereva wanaosubiri wageni getini saa nzima injini ikiwa sailensa wanalijua wingu hilo.

Sasa tuje kwenye fedha. Tarakimu ninazotumia hapa ni za mfano, ili uone namna ya kupiga hesabu. Weka bei ulizotajiwa na fundi wako. Tuseme kufungua bomba la chini, kulisafisha, kuweka gasketi mpya mbili na mpira mpya ni shilingi 90,000 pamoja na ufundi. Katriji, yaani kile kiini cha katikati cha turbo kikiwa na shafti na mapanga yake, iwe 450,000. Turbo ya mtumba 600,000. Turbo mpya ya orijino 2,500,000. Mwenye gari akianza na katriji, akalipa 120,000 za kufunga na 100,000 za oili na filta, ametoa 670,000. Moshi ukirudi kwa sababu bomba bado limeziba, atalipa zile 90,000 alizozikwepa, na huenda katriji nayo imeshaumia. Aliyeanza na bomba, hata kama turbo ilikuwa mbovu kweli, hajapoteza kitu: bomba hilo lingefunguliwa tu siku ya kubadilisha turbo.

Kazi hiyo ya 90,000 ina mitego yake. Wa kwanza ni mpira. Himo niliona fundi akipasua kwa wembe mpira uliotolewa kwenye Prado. Nje ulikuwa mzuri, mweusi, bado na maandishi yake. Ndani tabaka lilikuwa limevimba na kubanduka, limelala katikati ya njia kama ulimi. Oili ilikuwa inapita kwenye upenyo usiotosha kijiti cha kiberiti. Ulikuwa mpira wa rejeta, uliotengenezwa kwa ajili ya maji. Oili ya moto huulainisha na kuuchambua. Unaotakiwa ni mpira wa kuhimili oili na joto, na tofauti ya bei haifiki hata galoni moja ya oili. Mtego wa pili ni silikoni. Fundi akiona gasketi ya bomba haipo dukani anaminya tyubu, inayozidi inaingia ndani ya tundu na kugandia humo, au inamegeka na kwenda kuziba chujio la pampu ya oili. Gasketi ya karatasi ngumu iliyokatwa vizuri, tundu lake likiwa sawa na la bomba, ni bora kuliko silikoni ya gharama yoyote. Wa tatu ni mkunjo. Garrett, kampuni inayotengeneza turbo, inashauri bomba hili lisiinamie zaidi ya nyuzi 35 kutoka wima. Likifanya tumbo au kiwiko, oili italala hapo na kuwa masizi.

Bomba likiwa safi na moshi bado upo, usikimbilie dukani. Toa mfuniko wa oili injini ikiwa sailensa. Mvuke kidogo ni kawaida. Ikihema kwa nguvu kama mtu aliyepanda mlima, hewa ya mwako inapita kwenye ringi za pistoni, inaingia kwenye sampu na kuizuia oili ya turbo isishuke. Kwanza safisha bomba la kupumulia injini, kwani huenda ndilo lililoziba. Kazi hiyo ni ya bei ya chakula cha mchana. Kama ni ringi zenyewe, hapo mazungumzo ni ya ovahoo, na kila shilingi utakayoweka kwenye turbo kabla ya hapo ni ya kutupa. Angalia pia ea klina: ikijaa vumbi, turbo inavuta kwa shida na kuinyonya oili yake yenyewe. Baada ya hayo ndipo ushike shafti kwa vidole. Kucheza kidogo pembeni kunaruhusiwa. Ikienda mbele na nyuma, au mapanga yana alama za kugusa nyumba yake, fundi alikuwa sahihi tangu mwanzo.

Ikifika hapo, kuna chaguo tatu. Turbo ya mtumba, inayopatikana Ilala au Gerezani kule Dar, au Nairobi kwa anayevuka Holili, ni bahati nasibu: shafti unaweza kuipima kwa mkono, lakini huwezi kujua ililala muda gani bila oili. Katriji mpya ndiyo ninayoipendelea kwa magari mengi ya hapa, kwa sharti kwamba nyumba za turbo yako hazijakwaruzwa, na muuzaji anakupa karatasi ya kipimo cha kusawazisha mzunguko. Bila karatasi hiyo unanunua chuma tu. Orijino mpya inalipa kwa gari la kazi, linalopanda na wageni kila siku na ambalo kusimama kwake ni hasara. Kwa yoyote kati ya hizo, dai risiti ya EFD. Bila risiti, neno "waranti" ni maneno ya mdomoni, na hata ukitaka kulalamika Tume ya Ushindani kwamba umeuziwa feki, hutakuwa na cha kushika.

Wenye Prado na Hilux za 1KD wana jambo moja la ziada. Injini hiyo ina historia ya sili za injekta kuvujisha masizi yanayoingia kwenye oili na kuziba chujio la sampu. Turbo inakufa kwa kiu, unanunua nyingine, nayo inakufa. Kabla ya kufunga mpya, shusha sampu uone chujio.

Njia za mkato ni mbili, na zote nazikataa. Moja ni kubana kibomba cha juu ili oili iingie kidogo, kwa hoja kwamba ikiingia kidogo itavuja kidogo. Kweli itavuja kidogo, mpaka shafti ikauke. Nyingine ni kuiondoa turbo kabisa na kuunganisha mabomba. Dar mtu anaweza kuvumilia. Getini Marangu hewa ni pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko pwani, pampu ya dizeli bado imewekwa kwa hewa ya turbo, na utapanda gia ya pili ukitoa moshi mweusi badala ya wa bluu. Anayechukia habari za turbo anunue Land Cruiser ya 1HZ isiyochezewa; inapanda taratibu, na madereva wa utalii hawaidharau.

Gari lenye moshi wa bluu lisipande mlima kusubiri mshahara. Oili ikijaa kwenye njia ya hewa na intakula, injini ya dizeli inaweza kuanza kuichoma kama mafuta na kupandisha mzunguko yenyewe. Kuzima swichi hakusaidii. Kwa gari la manyuo, kanyaga breki kwa nguvu zote, tia gia kubwa kabisa na uachie klachi ili izime. Au mtu azibe mdomo wa hewa kwa ubao, kamwe si kwa mkono. Kwa sababu hiyohiyo, siku ya kufunga turbo mpya hakikisha intakula imefunguliwa, ikamwagwa oili ya zamani, ikaoshwa na kukaushwa, na kwamba fundi ametia oili kwenye tundu la juu la turbo kabla ya kuwasha. Simama hapo uone kazi hizo mbili zikifanyika, kisha uondoke na turbo ya zamani kwenye buti: nyumba zake bado zinaweza kubeba katriji nyingine, na zikibaki gereji atauziwa mwenzako.