Askari Aliyekataa Udhuru

Katika hadithi nyingi za vita, askari kijana anayesutwa na nafsi hukuzwa kwa njia ileile. Anaanza upande wa wabaya, anashuhudia ukatili wa wakubwa wake, anahamia kwa wema, na msomaji anashusha pumzi. Lakini kuhama kambi si kukua. Mtu anaweza kubadili sare na roho ikabaki vilevile. Mhusika hukua pale anapopewa udhuru mzuri, tena wenye ukweli ndani yake, akaukataa. Katika fantasia za miaka ya karibuni sijaona aliyechorwa hivyo kwa ustadi kumshinda Reiner Braun wa Attack on Titan, manga ya Mjapani Hajime Isayama iliyochapishwa kuanzia 2009 hadi 2021 katika sura 139. Ambaye hajaisoma ajue kwamba nitagusa matukio yake makubwa.

Reiner ni Mweldia, wa jamii inayobaguliwa ndani ya dola ya Marley. Watu wake wamezungushiwa ukuta katika mtaa wa Liberio, na kila mmoja hulazimika kuvaa utepe mkononi. Baba yake, raia wa Marley, hakumtambua. Mama yake amemlea kwa ndoto kwamba wakipata uraia wa heshima familia itaungana. Njia ya kuupata ni mtoto ateuliwe na jeshi arithi uwezo wa kugeuka jitu, uwezo unaomwachia mrithi miaka 13 tu ya kuishi. Reiner anateuliwa, kisha anatumwa kisiwani Paradis pamoja na Marcel, Bertolt na Annie, watoto kama yeye.

Hapo ndipo Isayama anapoanza kumfinyanga. Kabla hawajafika kwenye kuta za kisiwa, Marcel anakiri kwamba Reiner hakustahili kuchaguliwa. Alimsifia kwa makamanda ili mdogo wake mwenyewe asichukuliwe. Haupiti muda Marcel analiwa na jitu baada ya kumsukuma Reiner pembeni na kumwokoa. Wenzake wanataka kurudi nyumbani. Reiner anakataa, anawashurutisha wasonge mbele, na tangu siku hiyo anajivika tabia za marehemu: ukubwa, uthabiti, bega la kuegemewa na wadogo. Wanazivunja kuta, umati unateketea, akiwemo mama yake Eren Jaeger, mhusika mkuu wa manga hiyo. Kisha Reiner anajiunga na jeshi la watu walewale aliowaangamiza, na makuruta wenzake, Eren miongoni mwao, wanampenda kama kaka.

Sasa ana madeni mawili, na yote ni ya haki: kwa mama na jamaa zake Liberio, na kwa marafiki wanaolala naye bweni moja. Waandishi wengi hukosea hapa kwa kulifanya deni moja kuwa la uongo, hivyo uamuzi ukawa mwepesi. Isayama hafanyi hivyo. Tazama kifo cha Marco. Kuruta huyo anawasikia Reiner na Bertolt wakizungumza siri yao. Reiner anamkandamiza juu ya paa na kumwamuru Annie amvue vifaa vya kurukia. Jitu linamkaribia Marco, linamtafuna, nao wanatazama. Ndipo Reiner, machozi yakimlenga, anauliza kwa mshangao kwa nini Marco analiwa. Hakuna msimulizi anayeingilia kutufafanulia. Tunaona mtu mmoja akiua na kuomboleza kwa pumzi ileile, na hadanganyi katika lolote kati ya hayo mawili.

Miaka inapita. Reiner amerudi Marley, anaitwa shujaa, na heshima aliyoitafuta haimpi usingizi. Anafikia ukingo wa kujitoa uhai. Kinachomrudisha ni kishindo cha ngumi ya Falco, mtoto anayefunzwa kuwa askari, akiupiga ukuta nje kwa uchungu. Baadaye Eren anamkuta chini ya jengo moja Liberio na kumpa kile ambacho mkosaji yeyote angekipokea kwa mikono miwili. Anamwambia kwamba alikuwa mtoto, alilishwa chuki na watu wazima, asingeweza kufanya vingine. Yote ni kweli. Reiner anapiga magoti na kuyakataa. Anasema wenzake walitaka kurudi, yeye ndiye aliyewasukuma, kwa sababu alitaka kuwa shujaa na kuheshimiwa.

Hiki ndicho kilele cha ukuaji wake, ingawa hajabadili upande wala hajashinda pambano lolote. Tangu utotoni kila alichofanya kilikuwa cha kutafuta jina zuri machoni pa wengine. Sasa anachukua kwa hiari jina ambalo hakuna anayelitaka. Maji yakimwagika hayazoleki, na mwandishi anaiheshimu kanuni hiyo: toba hainunui amani. Eren anamwinua kwa mkono, kisha papo hapo anageuka jitu na kuanza kuua. Kitu cha kwanza anachofanya Reiner ni kumkinga Falco kwa mwili wake. Hapo tunajua maneno yake hayakuwa ya kujionea huruma, kwa kuwa yamezaa tendo.

Kwa vijana wanaoandika fantasia kwa Kiswahili, nasisitiza jambo hili kwa dhati. Msimtakase askari wenu kwa kumtafutia adui mbaya kuliko yeye. Mpeni madeni mawili ya kweli, mwacheni atende kosa lisilofutika, kisha mleteeni udhuru bora kabisa mnaoweza kuubuni. Vita humpa kila askari sababu ya kusema aliagizwa. Fasihi ina wajibu wa kutuonyesha yule anayekiri kwamba aliagizwa, na bado akakubali kuwa mkono ulikuwa wake.