Rangi ya Msingi na Amana ya Chombo

Mafuriko ya mto Tana ya mwaka 2024 yalipokata njia baina ya Garissa na Madogo, watu walivushwa kwa mashua. Aprili hiyo, moja ilizama Kona Punda na roho zikapotea. Tangu hapo twajua kwamba anayejiundia chombo nyumbani amebeba amana.

Wazee wetu wa Lamu walipaka mbao sifa, na upande wa chini shahamu na chokaa. Leo wengi hutumia rangi ya msingi ya epoksi, ambayo huchanganywa na kigumishi chake.

Twashauri tabaka la kwanza liwe jeupe, la pili litiwe kijivu kidogo. Hapo jicho litaona pale brashi iliporuka, ambapo maji yangepenya na kuuozesha ubao. Itumike rangi ya kukolezea iliyotengenezwa kwa ajili ya epoksi. Ile ya maji, ya rangi za kuta, huidhoofisha. Ikorogwe vyema kabla ya kutia kigumishi. Kisha ipakwe rangi ya juu, kwani epoksi huchakazwa na jua.

Mpakaji avae glavu, afanye kazi penye hewa, na watoto wawekwe mbali. Hao ndio abiria wa kesho, inshallah.