Senema ya "Hatari!": Uzuri na Upungufu Wake

Bwana Howard Hawks wa Marekani alisifika kwa senema za wachunga ng'ombe, kama "Red River" ya mwaka 1948. Lakini "Hatari!" ya mwaka 1962 haitajwi sana, ingawa ilipigwa katika nchi yetu, upande wa Arusha. Humo John Wayne hafukuzi ng'ombe juu ya farasi. Hukaa mbele ya motokaa, ameshika mti mrefu wenye kitanzi, akimnasa twiga au faru apelekwe kwenye bustani za wanyama ng'ambo.

Uzuri wake ni ukweli. Wanyama wale ni wa porini hasa, nao wachezaji wenyewe walishiriki kuwakamata.

Upungufu wake ni wa namna mbili. Kwanza, dakika 157 ni nyingi mno kwa kisa chepesi. Pili, na hili ndilo zito, jina ni la Kiswahili, lakini wenye Kiswahili chao ni wasaidizi tu, hawana kisa. Kwetu Mpanda, jirani na Hifadhi ya Katavi, wapo wazee wamjuao nyati kwa nyayo zake. Mtu wa namna hiyo angeipa senema ile uzito.

Itazameni, ndugu wasomaji, mkipata nafasi, nanyi mpime wenyewe.