Kubuni na Kurekebisha Vazi la Kroshia: Kutoka Sampuli hadi Hesabu

Mtahiniwa, kufuma kwa kroshia wengi wenu mnakujua tangu nyumbani. Vile vitambaa vyeupe vya kwenye makochi na meza vilifumwa na mama, shangazi au bibi, kwa kulabu moja na uzi wa pamba. Ugumu huanza pale swali linapokutaka ubuni vazi lako mwenyewe, au ubadilishe ruwaza ya mtu mwingine ili imfae mtu wa vipimo fulani. Hapo mikono myepesi haitoshi. Kitambaa cha meza kikizidi sentimita tano hakuna atakayelalamika, lakini sweta likipungua sentimita tano halivaliki, na saa zote ulizokaa ukifuma zimepotea. Habari njema ni kwamba hesabu inayohitajika ni ya kuzidisha na kugawanya tu, pamoja na Pisagorasi kidogo.

Kabla ya yote, tenganisha mambo mawili ambayo watahiniwa huyachanganya. Kofia ya vitobo ya Waswahili wa pwani si kroshia. Ile ni kitambaa kilichodariziwa kwa sindano ya kawaida, na matundu yake hushonwa kuzunguka. Kroshia haianzi na kitambaa; kitambaa chenyewe huzaliwa kutokana na uzi, kitanzi kimoja kikivutwa ndani ya kingine kwa kulabu. Kwa sababu wewe ndiye unayetengeneza kitambaa, upana wake unategemea unene wa uzi, ukubwa wa kulabu na jinsi mkono wako unavyokaza. Watu wawili wakitumia uzi uleule na kulabu ileile wanaweza kupata vipande vya upana tofauti.

Katika sura hii nitatumia majina matatu. Mnyororo ni safu ya vitanzi vya kuanzia. Mshono mfupi ni ule ambao kulabu inaingia bila kuzungushiwa uzi kwanza. Mshono mrefu ni ule ambao unazungusha uzi mara moja kwenye kulabu kabla ya kuiingiza. Ukitumia ruwaza ya kigeni, jihadhari: Wamarekani na Waingereza hawaelewani katika majina haya. Mshono mfupi Wamarekani huuita mshono mmoja, Waingereza huuita maradufu. Mshono mrefu kwa Wamarekani ndio maradufu, na kwa Waingereza ni wa mara tatu. Maana yake neno lilelile, maradufu, linaweza kukupa vitambaa viwili vyenye urefu tofauti kabisa. Dalili rahisi ni hii: ruwaza ikitaja mshono "mmoja" ni ya Kimarekani, kwa kuwa Waingereza hawana jina hilo.

Sampuli

Sampuli ni kipande cha majaribio. Kifume kiwe kikubwa kidogo kuliko sentimita 10 kwa 10, tuseme 14 kwa 14, kwa uzi, kulabu na mshono uleule utakaotumia kwenye vazi. Kisha kifue, kikauke kikiwa kimetandazwa, ndipo upime. Usipime kikiwa kibichi kutoka kwenye kulabu, maana uzi wa sufu hulegea ukiloa na uzi wa pamba hunyooka kwa uzito wake. Uzi wa akriliki haubadiliki sana kwa maji, lakini usiupitishie pasi ya moto. Huyeyuka na kuwa mgumu. Weka rula katikati ya kipande, mbali na kingo, uhesabu mishono na mistari iliyomo ndani ya sentimita 10.

Tuseme umepata mishono 16 na mistari 8. Basi una mishono 1.6 kwa kila sentimita ya upana, na mistari 0.8 kwa kila sentimita ya urefu. Namba hizi mbili ndizo zitakazobeba kazi yote iliyobaki, kwa hiyo ziandike juu kabisa ya ukurasa wako wa kazi.

Ona kinachotokea ukizipuuza. Ruwaza moja inasema: "Anza na mishono 90 kwa mgongo." Mwandishi wake alipata mishono 20 kwa sentimita 10, hivyo mgongo wake una sentimita 45, na sweta zima sentimita 90. Wewe una mishono 16. Gawanya 90 kwa 1.6, unapata sentimita 56.25. Mgongo na kifua pamoja vitakuwa sentimita 112.5. Umefuata maelekezo neno kwa neno, na sweta limezidi kwa sentimita 22.5.

Sweta lisilo na mikono, hatua kwa hatua

Tuchukue mtu mwenye kifua cha sentimita 84. Vazi likiwa na sentimita 84 kamili litambana, kwa hiyo ongeza ulegevu. Kwa sweta la kuvaa juu ya shati, sentimita 6 zinatosha. Jumla ni 90, yaani 45 mbele na 45 nyuma.

Mishono ya mgongo: 45 × 1.6 = 72.

Sasa angalia ruwaza ya mapambo. Kama ua unalotaka linajirudia kila baada ya mishono 6, na linahitaji mshono 1 wa kufunga ukingo, idadi yako lazima iwe kigawe cha 6 ukijumlisha 1. Namba iliyo jirani ni 73, kwa maana 6 × 12 + 1. Upana utakuwa 73 ÷ 1.6, sawa na sentimita 45.6. Tofauti hiyo ndogo inakubalika. Katika jibu lako onyesha kwamba uliibadilisha kwa makusudi. Ukiandika 73 bila maelezo, msahihishaji ataona umekosea kuzidisha.

Mnyororo wa kuanzia ni vitanzi 75. Kwa nini si 73? Kwa sababu mshono mrefu wa kwanza haufumwi. Vitanzi vitatu vya mwisho vya mnyororo husimama badala yake. Unaingiza kulabu kwenye kitanzi cha nne, unafuma mishono 72, na vile vitatu vinahesabika kuwa mshono wa 73.

Urefu wa sweta ni sentimita 50: 50 × 0.8 = mistari 40. Tundu la mkono lina kina cha sentimita 20, yaani mistari 16, hivyo linaanza baada ya mstari wa 24. Mtu wetu ana mabega ya sentimita 35, ambayo ni mishono 56. Lakini 73 toa 56 ni 17, namba witiri, haigawanyiki sawa kwa pande mbili. Chukua 57, upunguze 16, nane kila upande. Usipunguze nane kwa mkupuo, kona itakuwa kali chini ya kwapa. Katika mstari wa 25 ruka mishono 4 mwanzoni na uache 4 mwishoni, zimebaki 65. Kuanzia mstari wa 26 hadi wa 29 punguza mshono 1 kila upande. 65 toa 8 ni 57. Endelea bila kupunguza hadi mstari wa 40.

Shingo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika sura hii, kwa sababu hapa mchoro mzuri hukwama. Mwanafunzi mwenye mantiki atagawa 57 hivi: bega 17, shingo 23, bega 17. Inapendeza kwenye karatasi. Mbele ataanza shingo mistari 6 kabla ya mwisho: ataacha mishono 13 ya katikati, kisha atapunguza mshono 1 kwa kila mstari, mistari 5 kila upande, na wa mwisho atafuma wazi. 13 + 5 + 5 = 23. Hesabu ya mishono imekubali.

Sasa pima mzunguko wa tundu hilo la shingo. Nyuma ni 23 ÷ 1.6, sawa na sentimita 14.4. Mbele, sehemu ya katikati ni 8.1, na kila ubavu una mlalo wa takriban sentimita 8. Jumla haifiki 40. Kichwa cha mtu mzima kina mzunguko wa sentimita 56 hivi. Kroshia huvutika kidogo, lakini haiwezi kuvutika sentimita 16. Umefuma sweta zuri ambalo halipiti kichwani.

Una njia mbili. Unaweza kuacha bega moja wazi na kuweka vifungo, jambo linalofaa sana kwa nguo za watoto, kwani kichwa cha mtoto ni kikubwa ukilinganisha na mwili wake. Au unapanua shingo. Jaribu bega 11, shingo 35, bega 11, jumla ni 57 vilevile. Mbele anza shingo mistari 10 kabla ya mwisho, yaani mstari wa 31, ambapo tundu la mkono limeshamaliza kupungua. Acha mishono 15 ya katikati, kisha punguza mshono 1 kila mstari kwa mistari 10 kila upande. 15 + 10 + 10 = 35.

Kila ubavu sasa ni pembetatu mraba: kitako ni mishono 10, sentimita 6.25, kimo ni mistari 10, sentimita 12.5. Kiegama ni kipeuo cha pili cha 195.3, karibu sentimita 14. Mzunguko: 21.9 nyuma, 9.4 katikati mbele, na 28 kwa mbavu mbili. Jumla ni sentimita 59.3. Kichwa kinapita, na nafasi ya kufuma ukingo mwembamba wa mishono mifupi imebaki.

Uzi unatosha?

Madonge ya uzi hupakwa rangi kwa mafungu, na lebo huwa na namba ya fungu. Donge la fungu jingine, hata likiwa na jina lilelile la rangi, linaweza kuacha mstari unaoonekana kifuani. Nunua uzi wote siku moja, na ili ujue ni mwingi kiasi gani, tumia sampuli tena. Fumua eneo la sentimita 10 kwa 10 tu, upime uzi uliotoka. Tuseme ni mita 12 kwa sentimita za mraba 100.

Eneo la mgongo: 45.6 × 30 = 1,368 chini ya kwapa, na 35.6 × 20 = 712 juu yake, jumla 2,080. Mbele hesabu sawa, ingawa shingo imepunguza kidogo. Zote mbili ni 4,160. Gawanya kwa 100, zidisha kwa 12, unapata mita 499. Ongeza sehemu ya kumi kwa ajili ya kingo na kuunganisha, ni mita 549. Lebo ikisema donge lina gramu 50 na mita 120, unahitaji madonge 4.6. Nunua 5.

Kofia na duara

Kofia ya kroshia huanza katikati ya utosi na kupanuka kwa mizunguko. Kila ruwaza itakuambia uongeze mishono 12 kwa kila mzunguko ukitumia mshono mrefu, au 6 ukitumia mfupi, lakini chache hukuambia kwa nini. Nusu kipenyo cha duara kikiongezeka kwa kimo cha mshono mmoja, mzunguko wake huongezeka kwa mara 2π ya kimo hicho, yaani mara 6.28. Mshono mfupi una kimo karibu sawa na upana wake, kwa hiyo mishono 6 hivi inajaza nafasi hiyo. Mshono wetu mrefu una kimo cha sentimita 1.25 na upana wa 0.625, yaani mara mbili, hivyo inahitajika 12.

Ukiongeza chini ya hapo, duara linakuwa bakuli. Ukiongeza zaidi, linajikunjakunja kama jani la sukumawiki. Mwaka 1997 mwanahisabati Daina Taimiņa wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alitumia mkunjo huohuo kwa makusudi: alifuma kwa kroshia maumbo ya jiometri ya haipaboli ili wanafunzi wake wayashike mkononi.

Kwa kichwa cha sentimita 56, kofia iwe na 52 ili ishike; hapa ulegevu ni hasi. 52 × 1.6 = 83.2. Chukua 84, ambayo ni 12 × 7. Basi ongeza kwa mizunguko 7, kisha fuma bila kuongeza hadi kofia ifike masikioni.

Zoezi

Sampuli yenye upana wa sentimita 15 ina mishono mirefu 27, na mistari 12 ina urefu wa sentimita 16. Unataka skafu ya sentimita 20 kwa 150, yenye ruwaza inayojirudia kila mishono 4 na mshono 1 wa ukingo. Tafuta idadi ya mishono, vitanzi vya mnyororo wa kuanzia, na mistari.

Majibu: mishono 1.8 kwa sentimita, hivyo 36, inayorekebishwa kuwa 37, mnyororo 39, mistari 0.75 kwa sentimita, hivyo 112.5, nawe uchague 112 au 113 kulingana na mstari ambao ua lako linakamilika.